Utaridi wa Shangani: shajara ya vazi moja

9 Agosti

Hoteli tunayopiga muziki Paje imetangaza usiku wa mavazi tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Sharti ni moja: vazi litengenezwe kwa mkono, la kununua halihesabiki. Bendini tuko wanne. Kabla sijafungua mdomo wenzangu watatu walishachagua: fulana nyeupe isiyo mikono, jinzi, masharubu ya kubandika. Yaani Freddie wa tamasha la Live Aid, 1985. Na mie nikivaa hivyo tutakuwa timu ya mpira, si bendi.

Nimerudi mjini usiku juu ya gari ya vyombo, nimekalia spika. Tulipopita Tunguu nikamkumbuka babu. Kila tukipita pale pamoja hunyoosha fimbo dirishani: "Hapa ndipo Wamarekani walipokuwa wakizungumza na watu wa angani." Udogoni nilidhani ni katika zile hadithi zake za majini.

Si hadithi. Mwaka 1960 Marekani iliruhusiwa kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, kimoja katika mlolongo wa vituo uliozunguka dunia nzima. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa katika vituo vilivyopokea sauti yake akipita juu ya Afrika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kikafungwa, mwaka ule ule. Na mradi wenyewe ulikuwa unaitwaje? Mercury.

Mwaka ule ule wa 1964, Mparsi mmoja kijana aliyezaliwa hapa mjini, Farrokh Bulsara, aliondoka na wazazi wake kwenda Uingereza. Huko mbele akajiita Freddie Mercury.

Mercury wawili, kisiwa kimoja, na wote wameondoka mwaka mmoja. Usingizi umenipaa. Sivai fulana.

11 Agosti

Nimekwenda Bungi kwa babu na mkate wa ajemi. Shikamoo, marahaba, chai, habari za mjini, bei ya samaki. Mambo haya hayana njia ya mkato. Mwisho nikauliza.

"Babu, kile kituo wewe ulikiona?"

"Nilikiona kwa mbali. Nguzo za chuma, na waya, na magari ya wazungu yenye kiyoyozi. Wakati ule gari yenye kiyoyozi ilikuwa maajabu kuliko hiyo roketi."

"Watu walikuwa wanasemaje?"

"Wengine wakisema ni mawasiliano tu. Wengine wakisema ni kituo cha mabomu, siku moja tutaripuka sote. Siasa za wakati ule, mjukuu wangu, hata mnazi ulikuwa na chama."

Nikamweleza nia yangu: mwanaanga wa Mercury aliyevaa koti la Mercury. Akanitazama kitambo. "Yule kijana wa Mparsi alikwenda angani?" Hapana babu, aliimba. "Sasa vazi la nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia ni mchezo, akasema mchezo usinilie pesa ya kodi.

13 Agosti

Mchoro umekamilika. Chini ni suti ya fedha, kwa sababu wanaanga wa Mercury walivaa nailoni iliyopakwa aluminiamu, waking'ara kama samaki wa asubuhi. Juu yake koti fupi la manjano lenye mikanda na bizimu kifuani, lile alilovaa Freddie katika ziara ya 1986 na watu wa uwanja wa Wembley, London, wakaliona Julai. Kichwani kofia ya anga, na mkononi nusu ya stendi ya maiki.

Mpiga ngoma wetu ameniambia naharibu vitu viwili kwa pamoja, roki ina heshima yake. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1980 Freddie mwenyewe aliingia jukwaani amebebwa mabegani na mtu aliyevaa kama Darth Vader, yule mwovu wa filamu za anga za Star Wars. Na mpiga gitaa wake, Brian May, aliacha masomo ya nyota kwa ajili ya bendi, akayarudia uzeeni na kupata udaktari mwaka 2007, utafiti wake ukiwa juu ya vumbi lililotapakaa baina ya sayari. Kwa hiyo anga na gitaa walishaoana zamani, mie nashona nguo ya harusi tu. Akanyamaza. Bado anavaa fulana.

16 Agosti

Siku ya hasara. Nilinunua ovaroli ya mtumba Darajani, nzuri, mshono haujaachia popote, nikaitandika darini na kuipuliza rangi ya fedha, makopo mawili. Ilipokauka ilikuwa ngumu kama ngozi ya papa. Nikaivaa, nikakunja goti moja, rangi ikabanduka vipande vipande kama kuta za Mji Mkongwe baada ya masika. Viwiko hivyo hivyo. Kitambaa kinakunjika, rangi haikunjiki, na mie nilikuwa naijua hiyo tangu nikiwa mtoto, sijui kwa nini nililipa kuhakikisha.

18 Agosti

Dawa nimeipata gereji, wala sikuwa naitafuta. Juu ya Noah moja bovu palikuwa na kava, lile la rangi ya fedha la kuzuia jua. Nikalishika. Kitambaa chembamba cha nailoni, upande mmoja umepakwa fedha ya kurudisha joto. Ndiyo suti ya Glenn hiyo, tofauti ni kinyesi cha kunguru. Mwenye gereji kanipa kwa elfu nane na kaniuliza gari yangu aina gani.

Nimelifua mara tatu. Upande mmoja umepauka, huo utakuwa ndani.

20 Agosti

Fundi wangu wa cherehani, Mwembeladu, ni mtu wa kanzu na sare za skuli. Nilipomwekea kava mezani alivua miwani.

"Hii nguo au hema?"

"Nguo, fundi. Fuata ovaroli hii, ongeza inchi mbili kila upande."

"Sindano yangu itakufa, mwanangu."

Haikufa, ila alibadilisha ya kushonea jinzi na akarefusha mshono, maana kila tundu la sindano kwenye kitambaa cha namna hii ni mwanzo wa kuchanika. Kosa halifumuliwi, matundu yanabaki. Alikata taratibu kuliko nilivyopata kumwona akikata kanzu ya bwana harusi. Zipu mbele, kutoka shingoni hadi nyongani. Aliniuliza mbona sipendi suruali na shati kama watu, nikamweleza habari za roketi, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo zao wakaacha kusubiri wakawa wanasikiliza. Mmoja hakuamini. "Tunguu hii hii ya chuo kikuu?" Hii hii.

23 Agosti

Kofia. Kiini chake ni mpira wa plastiki wa watoto, nikaubandika vipande vya magazeti kwa uji mzito wa ngano, tabaka sita, kila tabaka likauke kabla ya jingine. Hapo ndipo penye mtihani. Upepo wa kusi unavuma na jua lipo, lakini nyumba yetu Kwahani imezibwa na ghorofa, na tabaka la tatu lilianza kunuka kama chapati iliyosahauliwa. Nikalihamishia kwenye paa la jirani na kumlipa mwanawe alinde kuku. Kuku wanapenda ngano. Hili halijaandikwa popote.

Kioo cha mbele nimekikata kwenye dumu la maji ya kunywa, lile kubwa la lita 18.9, kwa kisu nilichokipasha moto jikoni. Lile lina mviringo wake tayari, halihitaji kukunjwa. Ubuluu kidogo upo, ukilivaa dunia inaonekana alfajiri. Nimelifunga kwa skrubu mbili masikioni ili lipande na kushuka.

Msasa, rangi nyeupe ya mafuta mara mbili. Imetoka.

26 Agosti

Leo nitaandika kirefu kwa sababu leo ndiyo iliyonifurahisha.

Koti tulilikata wiki iliyopita katika gabadini ya manjano, bizimu nimezing'oa kwenye mabegi ya skuli yaliyokufa. Lilikuwa koti, lakini halikuwa na roho. Mama alikuwa amekaa barazani na kofia yake ya viua mkononi. Yeye anashona kofia tangu msichana, kofia moja humchukua miezi, kila kitundu anakizungushia uzi kwa jicho tu bila kupima. Akalitazama koti, akasema: "Hili limekosa zari."

Akaingia ndani akatoka na kibweta. Ndani yake uzi wa zari uliobaki kwenye joho la marehemu baba, lile alilovaa siku ya harusi yao. Nikasema mama, huu si wa kuchezea. Akasema joho limeliwa na nondo, uzi hauliwi, aufanyie nini, azikwe nao?

Basi akazungusha kola, akazungusha mikono. Alipofika kifuani nikampa mchoro wa nembo niliyokuwa naitaka, ile alama ya kale ya sayari ya Mercury, ambayo wale watu wa anga nao waliitumia kwenye nembo ya mradi wao: duara, juu yake pembe mbili kama hilali, chini yake msalaba. Sayari yenyewe skuli tulifundishwa kuiita Zebaki. Babu na wazee wa falaki wanaiita Utaridi, na mie nimechukua la wazee, linaimbika zaidi.

Mama akaigeuza karatasi juu chini, akairudisha.

"Hilali naiona. Na hiki cha chini?"

"Ni alama tu ya nyota, mama, ya zamani sana."

"Mie sijakwambia ni nini. Nakuuliza unataka nikitie kwenye zari ya baba yako?"

Tukanyamaza. Muadhini wa alasiri akatuokoa. Aliporudi kwenye mswala alikuwa ameshapata ufumbuzi, akaniuliza yule mwimbaji alikuwa anashika nini mkononi kila picha. Nusu ya stendi ya maiki, nikasema. Inasimuliwa kwamba ilimvunjikia jukwaani angali kijana, akaona bora hivyo, akabaki nayo maisha. "Basi mshikishe fimbo yake," akasema, na badala ya msalaba akashusha mstari mmoja mnene wenye kichwa cha maiki mwishoni. Duara, hilali, maiki. Kwa jicho tu, bila kupima.

Hiyo ndiyo nembo. Sina tena haja ya ile ya mwanzo.

27 Agosti

Jirani mmoja ameuliza kwa mama, kwa upole, kama mwanawe anajua yule mtu maisha yake yalikuwaje. Si swali geni hapa. Mwaka 2006 sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, iliyopangwa kufanywa ufukweni mjini, ilipingwa hadi ikafutwa. Mwaka 2019 pakafunguliwa makumbusho yake Shangani, na wageni wanapiga picha mlangoni kutwa. Mji unayaweka yote mawili kwenye mfuko mmoja na unatembea. Mama alimjibu jirani: "Mie nashona zari, sishoni maisha ya mtu." Kisha akamkaribisha kahawa.

29 Agosti

Masharubu. Kioo kikishuka uso hauonekani, sasa Freddie utamjuaje? Nimeamua yakae nje ya kioo, katikati, makubwa kupita kiasi. Nywele za bandia zinateleza, hazikubali gundi. Shangazi yangu Jambiani anasokota kamba, nikamwomba usumba konzi mbili. Makumbi yale yamefukiwa pwani miezi mingi, yakafukuliwa, yakapondwa, na harufu ya bahari haijatoka hata leo. Nimeyapaka kiwi nyeusi ya viatu, nikayachana kwa kitana kibovu, nikayabandika. Yanasimama yenyewe. Sijui kama kuna masharubu ya Freddie popote duniani yaliyotokana na nazi ya Jambiani, haya yapo.

31 Agosti

Umeme, kwa maana zote mbili: ulikatika saa tatu, na nilikuwa naushughulikia.

Suti haipumui. Nikikaa dakika kumi ndani yake natoka jasho kama niliyechotwa kisimani. Wanaanga wenyewe walijua, ndiyo maana wakitembea kwenda kwenye roketi walibeba kisanduku chenye mpira wa kupitishia hewa baridi ndani ya suti. Na mie nimetengeneza changu: kopo la rangi la lita nne, feni ndogo ya volti 5, mpira wa mashine ya kufulia, moja kwa moja hadi kwenye kofia. Nilijaribu kuweka barafu ndani, nikasikia baridi tamu dakika tano, kisha maji yakamwagikia gotini. Barafu hapana.

Taa za kuzungushia shingo nilinunua kamba ya LED kwa haraka, nikaichomeka kwenye pawabenki, kimya. Fundi redio wa Mkunazini akacheka: ile ni ya volti 12, pawabenki inatoa 5. Nikabadilisha nikapata ya volti 5, ya kubandika nyuma ya TV. Yeye pia ndiye aliyenifumbulia jambo jingine lililokuwa linanitoa akili: feni ikiwa peke yake pawabenki inajizima baada ya muda mfupi. Feni inakula umeme kidogo mno, pawabenki inadhani hakuna kilichochomekwa, inalala. Taa zikiwaka pamoja na feni, hailali. Basi taa ndizo zinazoiweka macho. Nimeiandika hapa ili nisisahau.

(Nimesahau. Soma chini.)

2 Septemba

Nimevaa vyote mara ya kwanza, darini, magharibi. Glovu za mpira haziwezi kubonyeza nyuzi za besi, nimezikata vidole. Stendi ya maiki ni bomba la kupitishia nyaya, limepakwa fedha. Watoto wa mtaa wamekusanyika chini na mmoja akapiga kelele: "Roboti ana masharubu!" Sikuwaza roboti hata mara moja, lakini sikubisha.

Nikasimama kidogo pale juu. Nimesoma kwamba chombo cha Glenn kiliizunguka dunia kwa dakika kama 88 kila mzunguko. Utaridi inalizunguka jua kwa siku 88. Piano kamili ina vibao 88, na Freddie alikuwa mtu wa piano kabla ya kuwa mtu wa masharubu. Haina maana yoyote. Nimeshindwa kuinyamazia tu.

6 Septemba, asubuhi

Jana. Niandike kabla wenzangu hawajaisambaza kwa namna yao.

Freddie watatu wa fulana waliingia kwanza, wakapigiwa makofi. Kisha mie. Pakawa kimya, kisha mtu mmoja akaanza kucheka, kicheko kizuri, na ukumbi mzima ukafuata. Wimbo wa kwanza salama. Wa pili salama, zari ya baba inameremeta kwenye taa kuliko kitu chochote pale, na nilihisi bega zito kidogo.

Wa tatu ni wa taratibu. Mtu wa taa akanifanyia ishara: zima hizo za shingoni, zinaharibu giza. Nikazima. Nikaendelea kupiga. Baada ya ubeti mmoja nikahisi kimya kigeni masikioni, sikukitambua. Feni ilikuwa imelala. Pumzi zangu zikapanda kwenye kioo, alfajiri ikageuka ukungu, ukungu ukageuka ukuta. Nilikuwa sioni shingo ya besi wala wenzangu, na zamu yangu ya sauti ya pili inakuja.

Nikafanya alichoweza kufanya mtu yeyote: nikakipandisha kioo kwa kiganja. Masharubu, ambayo yamebandikwa kwenye kioo, yakapanda nacho hadi juu ya paji la uso. Nikaimba sauti ya pili mwanaanga mwenye nyusi moja kubwa ya usumba. Mpiga ngoma alikosa mapigo manne kwa kucheka. Hajawahi kukosa mapigo tangu nimjue.

Sikukishusha tena. Usiku kucha watu walitaka picha na yule mwenye nyusi.

Zawadi imekwenda kwa mpishi aliyevaa pweza.

8 Septemba

Nimemrudishia mama koti, amelitundika ndani. Suti nimeifua, imechanika kwapani kwenye tundu la sindano, pale pale fundi aliposema. Kofia nimempelekea babu Bungi aione. Ameigeuza, ameigongagonga, amenusa masharubu akasema "Jambiani hii." Kisha akaivaa, akashusha kioo, akakaa nayo barazani akitazama upande wa Tunguu.

Nilipoaga aliniambia kofia nitaikuta, nisiwe na haraka nayo.